Top of the Pops na filimbi za Alexandra: safari ya wimbo mmoja kutoka mitaa ya Johannesburg hadi chati ya Uingereza

Katika nyumba nyingi za ndugu zetu waliohamia Uingereza baada ya 1964, Portsmouth, London na kwengineko, jioni ya Alkhamisi ilikuwa na desturi yake. Watoto wakitoka skuli, wakishakula, hukusanyika mbele ya televisheni kuangalia Top of the Pops, kipindi cha BBC kilichoonyesha nyimbo zilizouzwa zaidi wiki ile. Wazee wengine walikiona ni kelele tupu. Lakini hao watoto ndio leo watu wazima wa Maskati, Dubai na Abu Dhabi, na wengi wao bado wanakumbuka wimbo gani ulikuwa namba moja mwaka waliomaliza skuli.

Makala hii inaeleza kipindi hicho kilikuwa nini na kilifanya kazi vipi. Pia inafuata wimbo mmoja uliopita humo, ambao asili yake ni Alexandra, mji wa Waafrika kaskazini mwa Johannesburg. Wimbo wenyewe unaitwa Tom Hark. Waingereza waliuimba viwanjani na wakaucheza kwenye sherehe. Kwa miaka mingi wachache sana walijua kuwa ni wa vijana wa Afrika Kusini waliokuwa wakipiga filimbi za bati barabarani.

Kipindi kilivyoanza

Top of the Pops kilianza kurushwa siku ya mwaka mpya, tarehe 1 Januari 1964. Kilitoka kwenye studio ya BBC mtaa wa Dickenson Road, mjini Manchester, ndani ya jengo lililokuwa kanisa hapo kabla. Mpango wa mwanzo ulikuwa matoleo sita tu. Kikadumu miaka 42.

Siku hiyo ya kwanza walikuwemo Rolling Stones na Dusty Springfield, na namba moja walikuwa Beatles. Kwa msomaji wa Unguja tarehe ile ina uzito mwengine kabisa: siku kumi na moja baadae yalitokea Mapinduzi ya Zanzibar, na familia nyingi zikaanza kutawanyika. Ndiyo maana historia ya kipindi hiki na historia ya waliohama zinakwenda sambamba mwaka kwa mwaka.

Baada ya miaka michache kipindi kikahamia London. Mwisho wa 1969 BBC1 ilianza kuonyesha kwa rangi, na Top of the Pops kikawa miongoni mwa vipindi vilivyofaidika sana na mabadiliko hayo, kwa taa zake na nguo za wanamuziki wa wakati ule. Katika miaka ya 1970 watu milioni 15 hivi walikuwa wakikiangalia kwa wiki.

Chati ilivyotengenezwa

Neno "chati" leo limezoeleka, lakini inafaa kueleza lilivyokuwa likifanya kazi, kwa sababu hapo ndipo nguvu ya kipindi ilipokuwa.

Chati ya kwanza ya mauzo ya santuri nchini Uingereza ilichapishwa na gazeti la New Musical Express tarehe 14 Novemba 1952. Mtu wa gazeti alipiga simu kwenye maduka yapatayo ishirini, akauliza kila moja santuri gani zimeuzwa zaidi, kisha akajumlisha. Magazeti mengine yakafuata, kila moja na hesabu yake. Ilipoanza Top of the Pops, BBC ilichukua chati za magazeti hayo na kutafuta wastani wake. Ilipofika Februari 1969, kazi ikakabidhiwa kampuni ya utafiti ya BMRB. Maduka yapatayo 300 yaliandika kila santuri iliyouzwa kwenye daftari maalumu, kisha madaftari yakapelekwa kwa posta ili yajumlishwe. Mwaka 1983 kazi ikapewa kampuni ya Gallup, na hesabu zikaanza kukusanywa kwa mashine.

Kipindi kikawa na kanuni zake. Wimbo unaoshuka kwenye chati hauonyeshwi. Wimbo haurudiwi wiki mbili mfululizo, isipokuwa namba moja. Namba moja huja mwisho kila mara, na mtangazaji huhesabu kurudi nyuma hadi kuufikia. Kwa kanuni hizo, mtu aliyeonyeshwa Alkhamisi aliweza kuuza maelfu ya santuri Ijumaa na Jumamosi, akapanda zaidi, akaonyeshwa tena. Msanii ambaye hakuonyeshwa alibaki alipo.

Mwanzoni waimbaji walichezesha midomo tu huku santuri ikipigwa. Chama cha wanamuziki kililalamika kuwa jambo hilo linawanyima wapigaji kazi, na kuanzia 1966 kipindi kikawa na okestra yake chini ya Johnny Pearson, aliyekaa hapo hadi 1981. Walikuwepo pia wachezaji dansi, na mashuhuri zaidi ni kundi la wanawake la Pan's People, la kuanzia 1968 hadi 1976. Kazi yao ilikuwa kucheza pale msanii mwenyewe anaposhindwa kufika studio.

Mtoto wa Unguja

Hatuwezi kuzungumzia Top of the Pops bila kumtaja mtoto aliyezaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara. Wazee wake walikuwa Maparsi kutoka India, na baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya Kiingereza Zanzibar. Familia ikaondoka 1964, kama zilivyoondoka familia za wengi wetu, ikakaa Feltham, pembeni ya London. Dunia ikamjua kwa jina la Freddie Mercury.

Kundi lake la Queen liliingia Top of the Pops kwa mara ya kwanza Februari 1974, na wimbo wa Seven Seas of Rhye. Nafasi ilipatikana ghafla kwa sababu filamu ya David Bowie iliyokusudiwa kuonyeshwa haikupatikana. Wiki zilizofuata wimbo ukaingia katika kumi bora.

Mwisho wa Oktoba 1975 Queen walipotoa Bohemian Rhapsody, waliona taabu kuupiga studio namna ulivyorikodiwa, na pia walikuwa safarini kwa maonyesho. Wakatengeneza filamu fupi na kuipeleka BBC badala yao. Wimbo ukakaa namba moja wiki tisa. Wengi wanauhesabu kuwa ndio uliowafanya wenye kampuni za santuri waone kuwa filamu ya wimbo ni lazima.

Alexandra ni wapi

Tuondoke London twende kusini. Alexandra, wenyewe wanaiita Alex, ilianzishwa 1912 kwenye ardhi ya Mzungu mmoja, H. B. Papenfus, na inaelezwa kuwa jina ni la mkewe. Mwaka uliofuata, 1913, serikali ilipitisha sheria ya ardhi iliyowazuia Waafrika kununua ardhi sehemu kubwa ya nchi. Kwa kuwa Alexandra ilikuwa imeshaanzishwa, ikabaki miongoni mwa sehemu chache sana za miji ambapo Mwafrika aliweza kumiliki kiwanja kwa hati yake mwenyewe.

Neema hiyo ilikuja na taabu zake. Mji haukuwa wa manispaa ya Johannesburg, kwa hivyo haukupata huduma. Kwa miaka mingi haukuwa na taa za barabarani wala umeme katika nyumba nyingi, hata wenyewe wakauita Mji wa Giza. Watu waliendelea kumiminika, viwanja vikajengwa vibanda juu ya vibanda, na magenge ya vijana yakashika mitaa.

Januari 1957 kampuni ya mabasi ilipandisha nauli kutoka peni 4 hadi peni 5. Kwa mtu anayelipwa mshahara wa kibarua peni hiyo moja ilikuwa pesa. Wakaazi wa Alexandra wakagoma. Wakatembea kwa miguu kwenda kazini Johannesburg, maili tisa hivi, na jioni wakarudi kwa miguu, na mgomo ukaendelea kwa miezi. Neno lao lilikuwa Azikwelwa. Mswahili akilitazama vizuri atalifahamu bila mkalimani. "Khwela" kwao ni "kwea" kwetu, yaani panda. Azikwelwa maana yake "hayapandwi".

Filimbi na neno kwela

Neno hilo hilo ndilo jina la muziki tunaouzungumzia. Gari la polisi la kukamatia watu waliliita khwela-khwela, kwa sababu polisi akikukamata anakwambia panda. Na muziki uliopigwa barabarani, penye vijana wakicheza kamari ya dadu huku wakilichungulia gari hilo, ukaitwa kwela.

Chombo chake kilikuwa filimbi ya bati yenye matundu sita, ya bei rahisi, iliyoletwa kutoka Ulaya kama chombo cha watoto. Vijana wa Alexandra na mitaa mengine wakaigeuza. Badala ya kuishika sawa mdomoni, waliiingiza kwa upande, kichwa kikiinama, na sauti ikawa nzito na yenye kuteleza. Kijana mmoja aliongoza, wengine wawili watatu walimjibu, na nyuma yake lilikuwepo gitaa na mara nyengine besi ya sanduku la chai. Walipiga Alexandra, na mwisho wa wiki wakaenda mitaa ya Wazungu kutafuta senti, wakiwaangalia polisi kwa jicho moja.

Nyota mkubwa wa filimbi alikuwa Spokes Mashiyane, aliyeanza kurikodi katikati ya miaka ya 1950. Mwengine, Lemmy Mabaso, aliingia mchezo wa jukwaani wa King Kong akiwa bado mtoto. Mchezo huo ulianza Johannesburg 1959, na 1961 ukapelekwa London naye akiwemo.

Tom Hark, 1958

Aaron Lerole, aliyejulikana kama Jack, alikuwa kijana wa Alexandra. Akiwa na ndugu yake Elias, pamoja na David Ramosa na Zeph Nkabinde, walikuwa na kundi la filimbi la barabarani. Waliirikodia kampuni ya EMI ya Afrika Kusini, na santuri moja ikatoka kwa jina la Elias and His Zig-Zag Jive Flutes. Hiyo ndiyo Tom Hark.

Santuri inaanza kwa maigizo mafupi. Vijana wanacheza dadu barabarani, mmoja anaona gari la polisi linakuja, wanaficha pesa, wanatoa filimbi na kujifanya ni wapiga muziki tu. Polisi wakiondoka, mchezo unaanza tena. Yeyote aliyekulia mtaani atacheka, maana kila mtaa una hadithi ya namna hiyo. Jina lenyewe, inaelezwa kuwa lilikusudiwa kuwa "tomahawk", shoka dogo ambalo vijana hao walilichukua kujilinda na magenge, na kuandikwa kwake kukapotoka.

Mwaka 1958 televisheni ya ITV nchini Uingereza ilionyesha mchezo wa mfululizo wa The Killing Stones, uliohusu magendo ya almasi Afrika Kusini, na ikautumia Tom Hark kuwa muziki wa kufungulia. Watazamaji wakaupenda wakaanza kuuliza santuri madukani. Columbia, jina la biashara la EMI, likaitoa huko, na wimbo ukapanda mpaka namba 2 katika chati ya Uingereza. Hapo bado miaka sita Top of the Pops kuzaliwa. Wapiga bendi wa Kiingereza nao wakaurikodi kwa namna yao, akiwemo Ted Heath na okestra yake.

Inafaa kukumbusha hapa kuwa EMI haikuwa ngeni kwetu. Iliundwa 1931 kwa kuunganisha Columbia na kampuni ya HMV, na HMV ndiyo iliyomrikodi Siti binti Saad mjini Bombay 1928. Nyumba iliyouza sauti ya Siti katika pwani yetu ni mzazi wa nyumba iliyouza filimbi za Alexandra mjini London.

1980: wimbo waingia Top of the Pops

Miaka ishirini na mbili ikapita. Mwaka 1980 vijana wa mji wa Brighton, kundi lao The Piranhas, waliuchukua Tom Hark, wakautia mdundo wa ska uliokuwa ukipendwa Uingereza wakati ule, na mwimbaji wao Bob Grover akautilia maneno ya Kiingereza, maana wa asili haukuwa na maneno ya kuimbwa. Ukapanda hadi namba 6, nao wakaonekana Top of the Pops.

Watazamaji mamilioni waliuona ukipigwa na vijana wa Kiingereza, na wengi wakadhani ni wao walioutunga. Baadae ukaingia viwanja vya mpira: timu ikifunga goli, spika za uwanja zinapiga Tom Hark na watu wanaimba maneno yao. Mashabiki wa Brighton and Hove Albion waliutumia tena Januari 2005, kwa maneno ya kudai uwanja mpya Falmer. Santuri yao ikafika namba 17, na uwanja wenyewe ukafunguliwa 2011.

Wakati huo Alexandra yenyewe ilikuwa wapi? Mwaka 1963 serikali ya ubaguzi iliamua familia ziondolewe, na mji ugeuzwe mabweni ya vibarua wasio na wake wala watoto. Watu wakahamishwa kwa maelfu, nyumba zikavunjwa. Mpango huo haukuachwa mpaka 1979, baada ya wakaazi kupigania mji wao. Kwa hivyo kipindi kile Tom Hark ulipokuwa ukichezwa London, Alexandra ilikuwa imetoka kuponea chupuchupu kufutwa.

Kwa nini Alexandra haikuuona

Pengine msomaji atauliza: je, Jack Lerole na wenzake waliuona wimbo wao ukipigwa kwenye Top of the Pops? Jibu liko katika historia ya televisheni ya Afrika Kusini, nayo ni ya ajabu.

Nchi iliyokuwa tajiri kuliko zote Afrika ilichelewa sana kuwa na televisheni. Waziri wa posta na simu, Albert Hertzog, aliipinga kwa miaka, akihofia kuwa itawapotosha Wazungu na kuwafunza Waafrika mambo yasiyotakiwa na serikali. Matangazo rasmi ya SABC yakaanza tarehe 5 Januari 1976. Zanzibar ilikuwa na televisheni yake ya rangi tangu 1973. Oman ilianza Maskati tarehe 17 Novemba 1974. Yaani mtoto wa Unguja au wa Maskati aliweza kukaa mbele ya televisheni ya nchi yake kabla ya mtoto wa Johannesburg.

Hata baada ya 1976, chaneli ilikuwa moja, kwa Kiingereza na Kiafrikana. Idhaa za lugha za Waafrika, TV2 na TV3, hazikuja mpaka 1982. SABC ilikuwa na kipindi chake cha nyimbo zinazovuma, kikiitwa Pop Shop, na ndicho wanachokikumbuka waliokulia huko miaka ya 1980. Lakini vipindi vya Uingereza vilikuwa adimu, kwa sababu Equity, chama cha waigizaji wa Kiingereza, kilikataza kazi za wanachama wake kuuzwa Afrika Kusini kwa ajili ya ubaguzi, na chama cha wanamuziki nacho kiliwazuia watu wake kwenda kupiga huko. Desemba 1980 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likatoa wito wa kuisusia nchi hiyo katika utamaduni.

Kususia kulikuwa na haki yake, na viongozi wengi wa ukombozi walikutaka. Hata hivyo matokeo yake mengine ni haya: muziki wa Alexandra uliweza kutoka, na mwenyewe akabaki nyuma ya ukuta, hana televisheni wala khabari ya wimbo wake ulipofika.

Nani aliandikwa, nani alilipwa

Hapa ndipo penye jambo zito. Kwenye karatasi ya santuri ya Tom Hark, jina la mtunzi ni Rupert Bopape. Bopape alikuwa mtafuta vipaji na msimamizi wa kurikodi wa EMI, Mwafrika mwenye akili nyingi za biashara, ambaye baadae alihamia kampuni ya Gallo. Katika sheria, mirabaha ya utunzi humfuata aliyeandikwa. Desturi ya kampuni za wakati ule ilikuwa mpigaji Mwafrika anapewa malipo mara moja, siku ya kurikodi, na mambo yameisha. Santuri ikiuzwa mia au laki, kwake ni sawasawa. Spokes Mashiyane anatajwa kuwa Mwafrika wa kwanza huko kukubaliwa mirabaha, alipojiunga na Gallo 1958, mwaka huohuo wa Tom Hark.

Mfano mkubwa zaidi ni wa Solomon Linda. Mwaka 1939 aliurikodi Mbube katika studio ya Gallo mjini Johannesburg, na haki zake akaziuza kwa shilingi chache. Wimbo ukaenda Marekani, ukageuzwa jina na maneno, na Machi 1982 kundi la Tight Fit likaufikisha namba moja Uingereza kwa jina la The Lion Sleeps Tonight. Wiki tatu mfululizo ulifunga Top of the Pops. Linda mwenyewe alifariki 1962 akiwa maskini. Binti zake wakafungua kesi, wakitegemea sheria ya zamani ya Dola ya Uingereza ya 1911, iliyosema kuwa haki za utunzi hurudi kwa warithi miaka 25 baada ya mtunzi kufa. Wakafikia suluhu 2006.

Lerole hakupata kesi ya namna hiyo. Aliendelea na muziki. Filimbi ilipopitwa na wakati akageukia saksafoni, na sauti yake nzito ya kunguruma ikampa jina la Big Voice Jack. Katika miaka ya 1980 alijiunga na Mango Groove, kundi la Johannesburg la watu wa rangi zote lililoanzishwa 1984 na lililourejesha mlio wa filimbi za kwela kwa kizazi kipya. Alifariki 2003.

Wengine waliopitia Alexandra

Si vyema msomaji aondoke akidhani mji huu ulitoa wimbo mmoja tu. Zeph Nkabinde alikuwa ndugu wa Simon Nkabinde, maarufu kwa jina la Mahlathini, aliyetamba na Mahotella Queens. Caiphus Semenya, mtunzi aliyefanya kazi na Quincy Jones Marekani, ni mzaliwa wa Alexandra. Hugh Masekela alizaliwa Witbank 1939 lakini sehemu ya utoto wake aliipitisha Alexandra. Akaondoka nchini 1960, na Julai 1968 wimbo wake wa tarumbeta, Grazing in the Grass, ukashika namba moja katika chati ya Marekani kwa wiki mbili. Alirudi nyumbani 1990.

Mwisho wa kipindi

Top of the Pops kilianza kudhoofika katika miaka ya 1990. Chaneli za satalaiti zilionyesha muziki mchana na usiku, na kijana hakuwa na haja ya kungojea Alkhamisi. BBC ikakihamishia Ijumaa 1996, kisha Jumapili kwenye BBC Two 2005. Toleo la mwisho la kila wiki lilirushwa tarehe 30 Julai 2006. Matoleo ya Krismasi yaliendelea baada ya hapo.

Kumbukumbu zake zina mapengo mawili. La kwanza ni la uzembe wa zama: kanda zilikuwa ghali, BBC ikazifuta na kuzitumia tena, na matoleo mengi ya miaka ya 1960 hayapo kabisa. La pili ni la aibu. Jimmy Savile, aliyetangaza toleo la kwanza, alikuja kufichuliwa baada ya kifo chake cha 2011 kuwa aliwadhulumu watoto na wanawake kwa miaka mingi. BBC Four ilipoanza kuyarudia matoleo ya zamani mwaka huohuo wa 2011, kuanzia ya 1976, baadae yale aliyoyatangaza yeye yakaachwa.

Kwa wenye santuri majumbani

Santuri za Unguja, Mombasa na Bombay bado zipo katika makabati ya familia nyingi hapa Ghuba, pamoja na kanda za kaseti za harusi na za vikundi vya taarab. Kadhia ya Tom Hark inatuonyesha kitu kinachopotea mwanzo: majina. Sauti inabaki, aliyepiga anasahaulika, na asiyeandikwa hana pa kushika, si yeye wala warithi wake.

Basi mwenye santuri au kanda ya namna hiyo afanye mambo matatu. Apige picha karatasi ya katikati ya santuri, pande zote mbili, nambari ya kampuni ionekane. Aandike majina ya waimbaji, wapigaji na watunzi kama wanavyokumbukwa na wazee waliopo hai, pamoja na mwaka na mahali. Na kanda ya kaseti asiipige ovyo kwenye mashine mbovu, maana ikikatika imekatika; kwanza inakiliwe na anayejua. Elias Lerole na wenzake walitajwa kwenye santuri moja kwa jina la mzaha tu. Majina yao kamili tunayajua leo kwa sababu walikuwepo waliokwenda kuwauliza wakiwa hai.